Matapishi ya Kijani kwa Mtoto Mchanga: Dalili ya Kuziba kwa Utumbo Isiyosubiri Kesho

Na Mwandishi Wetu

Mtoto mchanga hutapika kwa sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo hazina madhara. Hucheua maziwa baada ya kunyonya, hutema kidogo anapowekwa begani, na wengine hutapika siku ya kwanza kwa kuwa walimeza maji ya uzazi wakati wa kuzaliwa. Hata hivyo, ipo rangi moja ya matapishi ambayo madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto hawaichukulii kuwa ya kawaida hata kidogo, nayo ni rangi ya kijani. Mtoto mchanga anayetapika kijani huhesabiwa kuwa ana utumbo ulioziba mpaka vipimo vithibitishe vinginevyo.

Kanuni hiyo ni fupi, lakini ndani yake mna uhai wa watoto wengi. Kuziba kwa utumbo ni miongoni mwa dharura za upasuaji zinazojitokeza zaidi katika siku 28 za mwanzo wa maisha. Aina zake nyingi hutibika, na mtoto aliyetibiwa kwa wakati anaweza kukua, kusoma na kufanya kazi kama wenzake. Kinachoamua hatima yake mara nyingi ni muda unaopita tangu dalili ya kwanza kuonekana hadi mtoto anapofika mikononi mwa timu yenye uwezo wa kumtibu.

Kwa nini rangi ya kijani

Nyongo hutengenezwa na ini na kumiminwa katika sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, mbele kidogo ya mfuko wa chakula. Katika hali ya kawaida nyongo huteremka pamoja na maziwa na hatimaye hutoka na kinyesi. Njia ikiziba mahali fulani chini ya pale nyongo inapoingilia, maziwa, mate na nyongo hujaa nyuma ya kizuizi, kisha hurudi juu na kutoka kwa mdomo au pua yakiwa na rangi ya kijani kama ya majani mabichi.

Mzazi hana budi kutofautisha rangi hiyo na njano ya maziwa ya kwanza ya mama, yaani dang'a, ambayo mtoto akiyacheua huonekana ya njano hafifu. Hiyo si dalili ya hatari yenyewe. Pale ambapo mzazi au muuguzi ana shaka kama rangi ni njano iliyokolea au kijani, busara ni kumpeleka mtoto akachunguzwe, kwa kuwa nyongo mbichi nayo huweza kuonekana ya njano iliyokolea.

Si kila mtoto aliyetapika kijani atakutwa na utumbo ulioziba. Baadhi hubainika kuwa na maambukizi katika damu, ambayo huufanya utumbo ulegee na kuacha kusukuma. Hata hivyo, hakuna awezaye kutofautisha hali hizo kwa macho akiwa nyumbani, na zote mbili zinahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Vyanzo vya tatizo

Chanzo cha kwanza ni mtoto kuzaliwa na sehemu ya utumbo isiyo na tundu, au utumbo uliokatika vipande viwili visivyoungana. Kizuizi kikiwa katika sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, iitwayo duodeni, mtoto hutapika mapema, pengine ndani ya saa chache, na tumbo lake huweza kubaki bapa kwa kuwa hewa haipiti kwenda chini. Takriban mtoto mmoja kati ya watatu wenye tatizo hili huwa pia na hali ya Down, hivyo daktari humchunguza moyo na viungo vingine kabla ya upasuaji.

Kizuizi kikiwa chini zaidi, asili yake mara nyingi ni ajali ya mzunguko wa damu mtoto akiwa bado tumboni mwa mama. Maarifa haya yalitoka barani Afrika. Mwaka 1955, madaktari J. H. Louw na Christiaan Barnard wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa vijusi vya mbwa. Walipofunga mishipa inayopeleka damu katika kipande cha utumbo, kipande hicho kilikufa na kunyauka, na watoto wa mbwa wakazaliwa na utumbo ulioziba kama ule wa binadamu. Ugunduzi huo ulibadili upasuaji: badala ya kuunganisha ncha zilivyo, madaktari walianza kuondoa kwanza sehemu iliyovimba na isiyo na damu ya kutosha. Barnard ndiye aliyekuja kupandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1967.

Chanzo cha pili, na cha hatari kuliko vyote kwa upande wa muda, ni utumbo kujisokota. Mimba ikiwa changa, utumbo hukua kwa muda ukiwa nje ya tumbo la kijusi, ndani ya kitovu, kisha hurejea ndani kwa kuzunguka na kujishikiza mahali pake. Mzunguko huo usipokamilika, utumbo hubaki ukining'inia kwenye shina jembamba lenye mishipa ya damu. Siku yoyote, hasa katika mwezi wa kwanza, unaweza kujizungusha kwenye shina hilo na kujinyonga. Mtoto aliyezaliwa mzima, aliyenyonya vizuri na kupata choo, hutapika kijani ghafla. Ndani ya saa chache utumbo mwembamba karibu wote unaweza kufa kwa kukosa damu. Kwa sababu hiyo, mtoto aliyekuwa na afya njema jana hapaswi kusubirishwa leo.

Chanzo cha tatu ni ugonjwa wa Hirschsprung, uliopewa jina la daktari wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliyeueleza mwaka 1886. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya 5,000, na wavulana huugua zaidi kuliko wasichana. Katika ugonjwa huu tundu la utumbo lipo, ila sehemu ya mwisho ya utumbo mpana haina seli za neva zinazouamuru utumbo kulegea ili kinyesi kipite. Sehemu hiyo hubaki imebana, na kinyesi hujikusanya juu yake.

Chanzo cha nne ni mtoto kuzaliwa bila tundu la haja kubwa, au tundu hilo kuwa mahali pasipo pake. Hili nalo hutokea kwa takriban mtoto mmoja kati ya 5,000. Ni tatizo linaloweza kugunduliwa bila kifaa chochote, kwa kumvua mtoto nguo na kumtazama. Licha ya wepesi huo, wapo watoto wanaofikishwa hospitali siku ya tatu au ya nne, tumbo likiwa limejaa, kwa sababu tu hakuna aliyewatazama vizuri walipozaliwa.

Dalili za kuangaliwa tangu siku ya kwanza

Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto wabaki katika kituo cha kutolea huduma kwa angalau saa 24 baada ya kujifungua. Muda huo una maana kubwa katika suala hili. Watoto wengi waliotimiza miezi hutoa kinyesi cha kwanza, kile cheusi chenye kunata, ndani ya saa 24, na karibu wote ndani ya saa 48. Mtoto ambaye siku ya kwanza imepita bila choo anapaswa kuchunguzwa tena kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Dalili nyingine ni tumbo kuvimba, kung'aa na kuwa gumu, mishipa ya damu kuonekana juu ya ngozi ya tumbo, mtoto kukataa kunyonya, na kulegea. Choo chenye damu pamoja na matapishi ya kijani ni ishara kwamba utumbo huenda umeanza kufa. Kwa mtoto wa kiume, mkojo wenye rangi ya kinyesi, na kwa mtoto wa kike, kinyesi kutokea ukeni, ni ishara kwamba njia ya haja kubwa haikuumbika sawasawa.

Ipo tahadhari moja kwa wahudumu wa afya. Mtoto aliyepata choo hawezi kuondolewa katika mashaka kwa sababu hiyo peke yake. Kizuizi kikiwa juu, utumbo wa chini huweza bado kuwa na kinyesi kilichotengenezwa kabla ya kuzaliwa. Vilevile, mama aliyekuwa na maji ya uzazi mengi kupita kiasi wakati wa ujauzito ametoa taarifa muhimu: mtoto akiwa tumboni humeza maji hayo, na njia ikiwa imeziba juu, maji hujikusanya. Taarifa hiyo, au picha ya ultrasaundi iliyoonesha utumbo uliopanuka, inapaswa kuandikwa katika kadi ya kliniki na kusomwa na atakayempokea mtoto.

Jinsi ugonjwa unavyobainishwa

Uchunguzi huanza kwa maswali, macho na mikono: mtoto alizaliwa lini, alitapika lini kwa mara ya kwanza, rangi gani, alipata choo lini, tumbo likoje, njia ya haja kubwa ipo na iko mahali pake. Daktari huangalia pia sehemu za kinena, kwa kuwa ngiri iliyobana utumbo nayo huleta dalili hizi.

Hatua inayofuata ni kupitisha mrija mwembamba puani au mdomoni hadi katika mfuko wa chakula. Mrija huo hupunguza shinikizo na pia hutoa jibu. Maji yakivutwa na kuzidi mililita 20 hivi, hasa yakiwa ya kijani, uwezekano wa utumbo kuziba huwa mkubwa.

Kipimo cha tatu ni picha ya eksirei ya tumbo. Mtoto anapovuta pumzi ya kwanza humeza hewa, na hewa hiyo husafiri ndani ya utumbo kwa saa kadhaa hadi kufika mwisho wake. Daktari huitumia kama alama ya njia: mahali hewa inapokomea ndipo panaposhukiwa kuwa na kizuizi. Kizuizi cha duodeni huonesha mapovu mawili makubwa ya hewa, moja la mfuko wa chakula na jingine la duodeni, na chini yake pakiwa hapana kitu. Mizunguko mingi iliyojaa hewa huashiria kizuizi cha chini zaidi. Hewa iliyovuja nje ya utumbo ina maana kwamba utumbo umetoboka.

Picha ya kawaida isipotosha, mtoto hupewa dawa maalumu inayoonekana katika eksirei. Ikipitishwa juu huonesha kama duodeni imekaa mahali pake au utumbo umejisokota. Ikipitishwa njia ya haja kubwa huonesha hali ya utumbo mpana. Ultrasaundi iliyofanywa na mtaalamu mzoefu nayo huweza kuonesha mishipa ya damu ikiwa imejizungusha. Ugonjwa wa Hirschsprung huthibitishwa kwa kuchukua kipande kidogo cha ukuta wa utumbo na kukichunguza kwa hadubini ili kuona kama seli za neva zipo.

Mtoto mwenye dalili zote za utumbo kujisokota na hali inayozidi kuwa mbaya hasubiri mfululizo wa picha. Hupelekwa chumba cha upasuaji.

Tiba huanza kabla ya kisu

Damu yote ya mtoto mchanga mwenye uzito wa kilo tatu ni takriban robo lita, haijazi hata chupa moja ya soda. Mtoto wa namna hiyo akitapika mara chache hupoteza maji na chumvi kwa kiwango kinachoweza kumwua kabla ya ugonjwa wenyewe. Ndiyo maana kazi kubwa ya kuokoa maisha hufanyika katika zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya, mbali na chumba cha upasuaji.

Kazi hiyo ina hatua zinazofahamika. Mtoto husimamishiwa kunyonya, na mrija wa mfuko wa chakula huachwa wazi ili maji ya kijani yatoke yenyewe badala ya kuingia mapafuni. Huwekewa dripu ya maji yenye sukari na chumvi kwa kipimo cha uzito wake, na kinachotoka kwenye mrija hupimwa ili kirudishwe kwa dripu. Sukari ya damu hupimwa, dawa za antibayotiki huanzishwa, na vitamini K hutolewa ikiwa hakupewa alipozaliwa. Joto lake hudumishwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi. Njia nafuu na ya uhakika njiani ni kumweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa amevalishwa kofia na kufunikwa vema.

Rufaa nayo ni tiba. Hospitali inayopokea inapaswa kupigiwa simu kabla gari halijaondoka. Mama aandamane na mtoto, kwa ajili ya joto, ridhaa ya upasuaji na maziwa yatakayohitajika baadaye. Barua ya rufaa itaje saa ya kutapika kwa mara ya kwanza, kiasi cha maji aliyopewa na dawa zilizotumika, na picha za eksirei ziende pamoja naye. Kwa upande wa usafiri, mfumo wa M-mama unawahudumia wajawazito, wanawake waliojifungua na watoto wachanga wanaopata dharura, kupitia namba 115 isiyotozwa malipo. Upasuaji wa kibingwa wa watoto hupatikana katika hospitali kubwa, zikiwamo Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi na Bugando jijini Mwanza.

Upasuaji na siku zinazofuata

Aina ya upasuaji hutegemea chanzo. Utumbo uliokatika huunganishwa kwa nyuzi nyembamba baada ya kuondoa sehemu isiyofaa. Utumbo uliojisokota hurudishwa kwa kuuzungusha kinyume, kisha shina lake hupanuliwa ili usijinyonge tena, kwa njia iliyoelezwa na daktari William Ladd wa Boston, Marekani, mwaka 1936. Ikiwa haijulikani ni sehemu ipi itapona, daktari hufunga tumbo na kulifungua tena baada ya siku moja au mbili, kwa kuwa kila sentimita ya utumbo inayookolewa ina thamani katika lishe ya mtoto.

Kwa ugonjwa wa Hirschsprung na kwa watoto wengi wasio na tundu la haja kubwa, madaktari huweza kutoa kwanza sehemu ya utumbo juu ya ngozi ya tumbo ili kinyesi kipite hapo kwa muda, na baadaye, mtoto akishakua na kupata nguvu, hufanya upasuaji wa kurekebisha njia yenyewe. Kipindi hiki huwa kigumu kwa familia. Wapo akina mama wanaotengwa kwa dhana kwamba mtoto ana laana, na wapo akina baba wanaoondoka. Ukweli ni kwamba tundu hilo ni hatua ya tiba na katika hali nyingi hufungwa. Mama akifundishwa kusafisha ngozi, kuipaka mafuta ya kuikinga na kutumia mfuko maalumu au vitambaa safi, humlea mtoto wake vizuri nyumbani.

Baada ya upasuaji utumbo huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki, kuanza kazi. Maziwa ya mama ndiyo chakula bora cha kuanzia, hivyo mama anapaswa kuyakamua mara kwa mara tangu siku ya kwanza ili yasikauke. Mtoto aliyetibiwa ugonjwa wa Hirschsprung akipata homa, tumbo kuvimba na kuharisha choo chenye harufu kali, hata miezi baada ya upasuaji, arudishwe hospitali mara moja.

Pengo linaloweza kuzibwa

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet, uliohusisha hospitali 264 katika nchi 74 na watoto 3,849 waliozaliwa na kasoro za mfumo wa chakula, ulionesha tofauti ya kusikitisha. Katika nchi zenye kipato cha juu walifariki asilimia 5.6 ya watoto hao. Katika nchi za kipato cha kati asilimia 20.4; na katika nchi za kipato cha chini asilimia 39.8. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na vifo hivyo ni mtoto kufika akiwa tayari na maambukizi katika damu, na kukosekana kwa mashine ya kupumulia au lishe ya kupitia mshipa pale ilipohitajika.

Nchini Tanzania, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa watoto 24 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai hufariki kabla ya kutimiza siku 28. Lengo la Maendeleo Endelevu ni kufikisha vifo hivyo 12 au pungufu ifikapo mwaka 2030. Lishe ya mshipani na vyumba vya uangalizi maalumu vinahitaji uwekezaji wa miaka. Kumtazama mtoto uchi alipozaliwa, kuandika saa ya choo cha kwanza na kutambua rangi ya matapishi kunaweza kufanyika leo katika kila wodi ya wazazi.

Jamii nayo ina sehemu yake. Katika maeneo mengi tumbo la mtoto likivimba huitwa chango, na hutafutiwa maji ya moto, mizizi au dawa ya kununua dukani. Kwa mtoto ambaye utumbo umeziba, kila anachonyweshwa huongeza mzigo nyuma ya kizuizi na kuhatarisha mapafu yake, na kila saa inayopita hupunguza sehemu ya utumbo inayoweza kuokolewa. Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Suala la gharama lisiwe sababu ya kusubiri: Sera ya Afya inaelekeza huduma bila malipo kwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano katika vituo vya umma, na maofisa ustawi wa jamii walioko hospitalini wapo kuwasaidia wazazi wanaokwama.

Mzazi anayefika kituoni na mtoto wa namna hii asikae kwenye foleni akisubiri kuitwa. Amwendee mhudumu wa kwanza atakayemwona na kumwambia kwamba mtoto wake mchanga ametapika kijani, ataje ni saa ngapi, na amwoneshe kitambaa au kanga iliyochafuka. Kanga hiyo isifuliwe kwanza, kwa kuwa rangi iliyobaki juu yake huweza kumweleza daktari jambo ambalo maneno hayawezi kulieleza.